Mzizi wa Nyoka ni Upi? Habari za Mimea ya Amerika ya Kaskazini na Majina Yake ya Kilatini

Katika mwezi wa Septemba mwaka 1818 ugonjwa wa kutisha uliingia katika kijiji kidogo cha wakulima, kando ya kijito cha Little Pigeon, ndani ya misitu ya Indiana huko Marekani. Watu hao walikuwa wageni katika nchi. Nyumba za magogo walikuwa wamekwisha kuzijenga, lakini malisho yaliyofyekwa yalikuwa haba, na ng'ombe wao walizunguka msituni wakila walichokiona. Basi ng'ombe wakaanza kutetemeka miguu na kuanguka. Na watu waliokunywa maziwa yao wakashikwa na unyonge, wakatapika, pumzi yao ikatoa harufu isiyo ya kawaida, na baada ya siku chache wengine wakafa. Mke wa fundi seremala Thomas Lincoln, jina lake Nancy, alikuwa akiwauguza jirani zake. Naye akaugua, akafa tarehe 5 Oktoba. Umri wake ulikuwa miaka 34. Aliacha binti mmoja na mtoto wa kiume wa miaka 9. Mtoto huyo ndiye Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani mwaka 1861.

Ugonjwa huo waliuita ugonjwa wa maziwa. Uliwaua watu maelfu katika Indiana, Illinois, Ohio na Kentucky, na mahali pengine watu waliacha nyumba na mashamba wakahama. Bunge la Kentucky liliahidi zawadi ya fedha kwa mtu atakayevumbua sababu yake. Wengine walishtaki maji, wengine umande, wengine madini ya ardhini.

Sasa, wasomaji wapenzi, sikilizeni jambo la kushangaza. Mmea ule wenye sumu, uliokuwa ukiliwa na ng'ombe, haukuwa mmea usiojulikana kwa wataalamu. Carl Linnaeus wa Uswidi alikuwa ameuandika katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1753, na kuupa jina la Kilatini, Ageratum altissimum. Nancy Lincoln alikufa miaka 65 baadaye. Jina lilikuwako Ulaya, ndani ya vitabu. Mmea ulikuwako Indiana, chini ya kivuli cha miti, ukichanua maua madogo meupe kila mwisho wa majira ya joto. Wala hapakuwa na mtu wa kuunganisha jina, mmea na ugonjwa. Jina peke yake, basi, halimponyi mtu. Lakini tukiendelea na habari hii tutaona kwamba bila jina lililo thabiti hata yule aliyekwisha kuijua sababu alishindwa kuwaambia wengine.

Wakulima wale waliuita mmea huo mzizi wa nyoka mweupe, kwa kuwa watu walidhani mizizi yake yaweza kutibu aliyeumwa na nyoka. Jina zuri, lakini hebu tuhesabu. Kuna mzizi wa nyoka wa Virginia, ambao ni mmea mwingine kabisa, Aristolochia serpentaria. Kuna mzizi wa nyoka wa Waseneca, Polygala senega. Kuna mzizi wa nyoka mweusi, na jina hilo moja hutumika kwa mimea miwili isiyo na udugu wowote: mmoja ni wa jamaa ya karoti, Sanicula, na mwingine ni Actaea racemosa. Upo na mwingine tena wenye vichwa vya maua mviringo kama vifungo vya shati. Kila mahali palipokuwa na nyoka na hofu ya nyoka, mmea fulani uliitwa hivyo. Nasi tusiwacheke, hata kwetu dawa ya nyoka ya kijiji kimoja mara nyingi si ile ya kijiji cha ng'ambo ya mto.

Inasimuliwa katika Illinois ya kusini habari ya mwanamke mmoja, mkunga na muuguzi, Anna Bixby, ambaye ndugu zake mwenyewe waliuawa na ugonjwa wa maziwa. Aliona kwamba ugonjwa huja mwishoni mwa majira ya joto na kukoma baridi kali inapoyaua majani. Akafikiri kwamba sababu lazima iwe mmea. Akawafuata ng'ombe msituni ili aone wanakula nini. Huko, wasema wasimulizi, alikutana na mwanamke mzee wa kabila la Washawnee. Wengi wa kabila hilo walikuwa wamekwisha kufukuzwa katika nchi yao, lakini yeye alibaki. Mzee huyo alimwonyesha mmea wenye maua meupe akamwambia kwamba ndio wenye sumu. Anna akamlisha ndama majani yake, na ndama akatetemeka kama wale wengine. Tangu hapo aliwatuma wanaume na watoto wa kijiji kuung'oa mmea huo kila mwaka, na ugonjwa ukapungua pale.

Lakini ulipungua pale tu! Mkulima mmoja wa Ohio naye aliandika katika gazeti, karibu na mwisho wa miaka ya 1830, kwamba mzizi wa nyoka mweupe ndio unaoua. Na madaktari hawakumsadiki. Sababu zao hazikuwa za kipumbavu zote. Sumu ya mmea huo hupungua unapokauka, na tena mimea ya mahali pamoja huweza kuwa na sumu nyingi kuliko ya mahali pengine. Basi huyu alijaribu akamwua mnyama, yule alijaribu asione kitu. Na zaidi ya hayo, nani angethibitisha kwamba wote wawili walijaribu mmea mmoja, ikiwa kila mmoja aliandika tu mzizi wa nyoka? Ilikuwa mpaka miaka ya 1920 ndipo wataalamu wa kemia wa serikali ya Marekani walipotoa sumu katika mmea huo na kuipa jina la tremetoli. Zaidi ya miaka mia moja ilikuwa imepita tangu kaburi la Little Pigeon.

Je, jina la Kilatini linafanya kazi gani ambayo jina la kijijini haliwezi? Kabla ya Linnaeus wataalamu wa Ulaya waliupa kila mmea sentensi nzima ya Kilatini: rangi ya ua, umbo la jani, urefu wa shina, vyote vimeshonwa pamoja. Mtu aliyetaka kutaja mmea mmoja ilimpasa kwanza avute pumzi. Linnaeus alizihifadhi sentensi hizo kama maelezo, lakini kando ya kila moja akaweka neno moja fupi. Hivyo kila mmea ukabaki na maneno mawili. La kwanza ni jenasi, ambalo tungeweza kulilinganisha na jina la ukoo. La pili humtenga mmoja na ndugu zake wa ukoo ule, na yote mawili pamoja hutaja spishi. Mama zetu sokoni hufanya karibu vilevile wasemapo muhogo mtamu na muhogo mchungu, ingawa kwa mtaalamu mihogo hiyo yote ni spishi moja. Kitabu cha mwaka 1753 kilikuwa na karibu spishi 6000, kutoka pande zote za dunia zilizojulikana kwa Wazungu.

Kupanga jenasi katika jamaa ni kazi nyingine, nayo ilichukua muda mrefu zaidi. Linnaeus alihesabu stameni, yaani nyuzi zenye chavua ndani ya ua, na kuiweka mimea katika makundi kwa hesabu hiyo. Njia hiyo ni rahisi kwa mwanafunzi, lakini huwatenga ndugu na kuwakutanisha wageni. Waliomfuata walitazama mmea mzima, na wa siku hizi husoma hata DNA, yaani maandiko ya urithi yaliyomo katika kila chembe hai. Ndiyo maana mzizi wa nyoka mweupe, wenye vichwa vya maua visivyozidi ukucha, huwekwa katika jamaa moja na alizeti.

Linnaeus mwenyewe hakukanyaga Amerika hata siku moja. Mimea ya huko ilimfikia imekauka, imebandikwa juu ya karatasi. Mwanafunzi wake Pehr Kalm alisafiri huko tangu mwaka 1748 hadi 1751, akarudi na mizigo ya mbegu na majani. Mwalimu akamshukuru kwa kuuita mmea mmoja mzuri Kalmia. Na mtu atoaye majina akiwa mbali hukosea. Mmea wa Amerika wenye utomvu mweupe, ambao majani yake ni chakula cha viwavi wa kipepeo monaki, unaitwa Asclepias syriaca, yaani wa Siria, nao haukutoka Siria kamwe. Mwingine, wenye maua ya rangi ya machungwa na maganda yanayopasuka yakiguswa, huota kando ya mito ya Kanada na Marekani. Mwaka 1775 Mholanzi Meerburgh aliuita Impatiens capensis, akidhani kwamba umetoka Rasi ya Tumaini Jema, huku Afrika. Ndugu zake wengi kweli wanaota katika milima yetu ya Kivu, lakini huo si wa Afrika.

Mbona majina hayo hayasahihishwi? Kwa sababu wataalamu wamekubaliana kwamba jina la kwanza lililochapishwa kwa kanuni ndilo litakalotumika, na hesabu huanzia tarehe 1 Mei 1753. Kama kila mtu angeruhusiwa kubadili jina kwa kuwa halisemi kweli, baada ya miaka michache tungerudi kwenye mizizi ya nyoka. Jina ni alama ya kuitia. Mtu aitwaye Masika huitika hata kama alizaliwa wakati wa kiangazi.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba waliovumbua mimea hiyo walikuwa Wazungu peke yao. Mwaka 1711 Padri Jartoux, Mjesuiti aliyekuwa Uchina, aliandika barua kuhusu jinseng, mzizi ambao Wachina waliununua kwa bei kubwa kama dawa ya nguvu. Aliueleza na kuuchora vizuri, na kuongeza kwamba kama unaota mahali pengine duniani, labda ni Kanada, kwa kuwa misitu na milima ya huko inafanana na ile aliyoiona. Barua hiyo ilichapishwa, ikamfikia Mjesuiti mwingine, Padri Lafitau, aliyekuwa katika misheni ya Wamohawk karibu na Montréal. Lafitau akautafuta mmea huo miezi mitatu. Mwaka 1716 aliuona kwa bahati, karibu na nyumba iliyokuwa ikijengwa, ukiwa na matunda yake mekundu. Akaung'oa, akampelekea mwanamke wa Kimohawk aliyekuwa akimsaidia kutafuta. Mwanamke huyo aliutambua mara moja: ulikuwa mmoja wa dawa zao za kila siku. Na Padri alipouliza maana ya jina lake la Kimohawk, alikuta kwamba linataja umbo la mzizi ulio kama mapaja ya mtu, sawa na maana aliyoisikia katika jina la Kichina.

Twapenda kisa hiki kwa sababu ya uaminifu wa Padri Lafitau. Katika kitabu chake cha mwaka 1718 hakuficha kwamba Wamohawk waliujua mmea kabla yake. Lakini matokeo yake hayakuwa mema yote. Wafanyabiashara waliingia msituni, mizizi ikachimbwa bila kipimo, mingine ikachimbwa kabla ya wakati na kukaushwa haraka katika tanuri, mpaka Wachina wakaikataa na biashara ya Kanada ikaanguka katika miaka ya 1750. Linnaeus aliuita mmea huo Panax quinquefolium. Neno la kwanza linatoka Kiyunani, nalo maana yake ni mponya-yote, na la pili lataja vijani vitano. Ule wa Uchina ni ndugu yake, Panax ginseng, si mmoja naye. Tangu mwaka 1975 jinseng ya Amerika imo katika orodha ya mimea ambayo biashara yake kati ya nchi na nchi huangaliwa kwa sheria.

Sisi tuliokaa seminarini, na kulia machozi juu ya sarufi ya Kilatini, tunafurahi kuona kwamba mtaalamu mkubwa kama Linnaeus naye alisahihishwa daftari lake. Jina Panax ni la jinsi ya kiume, kwa hiyo leo twaandika quinquefolius. Ni kama Kiswahili chetu: mti ni mrefu, kiti ni kirefu, wala mwanafunzi hawezi kubadili jina na kuacha kivumishi katika nguo zake za zamani.

Tuingie sasa katika milima ya Carolina. Mwaka 1788 Mfransa André Michaux, mtumishi wa mfalme wa Ufaransa katika mambo ya mimea, aliokota huko mmea mdogo wenye majani ya kung'aa. Ulikuwa na tunda tu, ua halikuwako. Akaukausha, akaandika kwamba umetoka milima mirefu ya Carolina, asiupe jina. Karatasi hiyo ilikaa Paris miaka hamsini. Mwaka 1839 Mmarekani Asa Gray, kijana wa miaka 28, alikuwa akipekua hifadhi ya mimea mikavu ya Michaux, akaiona. Alitambua kwamba ni jenasi mpya. Mwaka 1842 akaipa jina Shortia galacifolia, kwa heshima ya Charles Short, mtaalamu wa mimea wa Kentucky.

Sasa mmea una jina, lakini hakuna aliyeuona ukiwa hai! Gray alipanda milima mirefu ya Carolina, akatafuta, akarudi mikono mitupu. Wengine wakaenda, nao hivyo hivyo. Short mwenyewe alikufa mwaka 1863 bila kuuona mmea uliobeba jina lake. Wapo waliodhani kwamba Gray ameota ndoto. Miaka ikapita hata mwezi wa Mei mwaka 1877, ndipo kijana wa miaka 17, George Hyams, ambaye baba yake alikuwa mnunuzi wa mitishamba, alipookota mmea ukingoni mwa mto Catawba, katika North Carolina. Hakujua ni nini. Baba yake naye hakujua. Baada ya mwaka mzima uliwafikia watu wanaosoma, na mmoja wao akamwandikia Gray. Alikuwa amengoja karibu miaka arobaini. Mwaka 1879 akaenda kuuona pale ulipoota.

Kwa nini walishindwa muda wote huo? Kwa sababu ya maneno machache ya Michaux juu ya karatasi. Yeye aliandika milima mirefu, nao wakaenda kileleni. Kumbe Shortia hupenda kingo za vijito, chini, mahali penye kivuli na unyevu. Tena huchanua mapema sana, mwezi wa Machi na Aprili, nao walikwenda wakati wa joto, ua limekwisha kupukutika. Tunawaomba wanafunzi wa shule zetu wakumbuke jambo hili wanapokausha majani kati ya kurasa za magazeti: mahali hasa, tarehe, kimo cha mmea, rangi ya ua lingali bichi, na jina analolitumia mzee wa pale. Mwaka 1886 Charles Sargent aliona Shortia kwenye vyanzo vya mto Keowee, kule alikopita Michaux. Mwaka 1973 bwawa la umeme lilijazwa katika bonde hilo, likaitwa Ziwa Jocassee, na sehemu kubwa ya makao hayo ya kwanza sasa imo chini ya maji.

Huko Kanada mtu aliyeyapenda mambo haya na kuyafundisha kuliko wengi alikuwa Furere Marie-Victorin, wa Shirika la Mafurere wa Shule za Kikristu. Akiwa kijana alipatwa na kifua kikuu. Wakamwamuru apumzike na kutembea nje, naye akaanza kuchunguza majani. Mwaka 1931 bustani kubwa ya mimea ya Montréal ilianzishwa kwa bidii yake. Mwaka 1935 alitoa kitabu cha mimea ya bonde la mto Saint-Laurent, chenye kurasa zaidi ya 900 na michoro ya Furere Alexandre. Ndani yake jina la Kilatini hukaa pamoja na majina ya wakulima, na habari za matumizi yake kwa wenyeji wa asili. Kitabu hicho kingali kinatumika hata leo, ingawa majina mengine ndani yake yamebadilika.

Ndiyo, yamebadilika, na watu wengi hulalamika. Mwaka 1994 mtaalamu Nesom alionyesha kwamba maua ya Amerika yaliyoitwa Aster si ndugu wa karibu wa Aster wa Ulaya na Asia. Na yule ambaye Linnaeus alimwita Aster novae-angliae sasa ni Symphyotrichum novae-angliae, neno ambalo twakiri limetushinda kulitamka mbele ya darasa. Lakini tazameni: neno la pili limebaki lile lile, na baada yake, katika mabano, huandikwa herufi L., ili kila mtu aweze kurudi nyuma mpaka kwa Linnaeus na karatasi zake. Mmea umehamishwa ukoo, haukupotea.

Vivyo hivyo mmea uliomwua mama wa Lincoln. Baada ya Ageratum uliwekwa katika jenasi Eupatorium, na vitabu vingi vya zamani vinauita Eupatorium rugosum. Mwaka 1970 King na Robinson waliuhamishia jenasi Ageratina. Ageratum ni jina lisilo la kiume wala la kike. Ageratina ni la kike. Basi altissimum likawa altissima. Maana yake ni mrefu sana, ingawa kwa kawaida haupiti kifua cha mtu. Jina lake kamili sasa huandikwa Ageratina altissima (L.) King na Robinson. Ndani ya mstari huo mmoja mna Mswidi na Wamarekani wawili. Jina la yule mzee wa Kishawnee, anayesimuliwa kwamba ndiye aliyeunyoshea mmea kidole msituni, hakuna aliyeliandika.